Nyumba Hujengwa kwa Hati na Akiba

Mazungumzo kwa watumishi wa umma na walimu wa Mkoa wa Singida



Mtu anayetaka kujua jinsi ubaguzi wa rangi ulivyofanya kazi katika Tanganyika ya wakoloni hana haja ya kuanza na vitabu. Na autazame mji. Miji mingi ya nchi hii iligawanywa na wakoloni katika sehemu tatu, na wananchi wakazipa majina ambayo yangali yanasikika hata leo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni palikuwa na viwanja vipana, miti ya kivuli na mabomba ya maji. Uhindini palikuwa na maduka ya saruji na bati, mwenye duka akilala nyuma au juu ya duka lake. Uswahilini palikuwa na nyumba za miti na udongo, zilizobanana, zisizo na maji wala taa.

Mji wa Singida nao, uliokua kandokando ya boma la serikali na maduka ya wafanyabiashara, haukuepuka fikra hizo. Mnyaturu au Mnyiramba alikuja mjini kuuza ng'ombe, ngozi na nafaka, akanunua shuka, chumvi na jembe, kisha akarudi kijijini kulala katika nyumba yake ya tembe. Mali yake ilipita mjini, lakini haikukaa mjini. Ilikaa katika kuta za nyumba za watu wengine.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hata sasa, kwamba tofauti hiyo ilitokana na uvivu wa Mwafrika, au na mapenzi yake ya kupindukia kwa ng'ombe, au na kutojua faida ya nyumba bora. Maneno hayo hayana ukweli. Tofauti hiyo ilitungwa na sheria, ikatekelezwa na maofisa, ikahesabiwa kwa vitabu vya benki. Hapana budi kila mtumishi na kila mwalimu aelewe jinsi ilivyotungwa, maana asiyejua jinsi fundo lilivyofungwa hawezi kulifungua.

Fundo la kwanza lilikuwa hati. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, mgeni aliyepewa kiwanja au shamba alipata haki ya kulimiliki kwa miaka mingi, hata kufikia miaka 99, na haki hiyo iliandikwa katika hati. Mwenyeji alihesabiwa kuwa anakaa kwa mila na desturi za kabila lake. Haki yake ilitambulika kwa maneno, bali karatasi hakupewa. Akija mjini, alikaa katika kiwanja kwa kulipa ada ya muda mfupi, na angeweza kuondolewa mpango wa mji ulipobadilika. Tena, katika sehemu zilizotengwa kwa majengo ya kudumu, kanuni zilitaka nyumba ya vifaa vya kudumu. Asiyeweza kununua saruji alisukumwa pembeni kwa kanuni za ujenzi, hata pale ambapo rangi yake haikutajwa.

Fundo la pili lilikuwa mkopo. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani mpaka mkopo huo uwe umeidhinishwa kwa maandishi na ofisa wa serikali. Wakoloni walidai kwamba wanamlinda Mwafrika asinyang'anywe mali yake na wakopeshaji. Lakini mtu ambaye hadaiki ni mtu ambaye hakopesheki. Benki na wenye maduka makubwa wakamfungia mlango, naye akabaki kufanya biashara kwa senti alizonazo mfukoni.

Unganisha mafundo hayo mawili, na historia yote ya majengo ya miji itaonekana wazi. Mwenye hati alikwenda benki akaweka hati rehani. Kwa fedha za benki alijenga nyumba ya saruji. Kwa kodi ya nyumba alilipa deni, kisha akajenga ya pili. Alipokufa, watoto wake walianza maisha wakiwa na majengo mawili. Asiye na hati alijenga kwa udongo. Mvua zikaiharibu nyumba, akajenga tena, na tena. Alipokufa, watoto wake walianza pale pale alipoanzia yeye. Baada ya vizazi viwili, watu wakatazama matokeo wakayaita tabia za makabila na rangi.

Hata hivyo, haki inadai kwamba upande wa pili nao usemwe. Si kila nyumba ya Uhindini ilitokana na upendeleo wa sheria peke yake. Wahindi nao walibaguliwa na Waingereza, wakazuiwa kukaa Uzunguni. Pamoja na hayo, jumuiya zao zilijua kitu kimoja: akiba ya pamoja. Mfano ulio maarufu ni wa Waismailia. Mwaka 1946 Aga Khan wa Tatu alipimwa kwa almasi, kwanza Bombay kisha Dar es Salaam, na mfuko wa uwekezaji uliotokana na jubilei hiyo ukatumika kuwakopesha waumini wao mitaji na fedha za kujengea nyumba. Mwenye duka dogo aliyeogopa riba ya benki alikopa kwa ndugu zake, akarejesha, na fedha ile ile ikamjengea jirani yake. Kwa hiyo nyumba zile zilisimama juu ya miguu miwili: hati iliyotolewa na sheria, na hazina iliyowekwa na jumuiya. Mwafrika alinyimwa ya kwanza, na ya pili hakupewa nafasi ya kutosha kuikuza.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Chama na Serikali vilikuta nchi yenye pengo hilo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameliona mapema. Katika andiko lake la mwaka 1958, Mali ya Taifa, alionya kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa ya kuuzwa sokoni katika nchi ambayo wenyeji ni maskini, wenye fedha wataimaliza, na wananchi watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Ndiyo maana mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele ulifutwa, ukageuzwa kuwa upangaji wa muda chini ya Serikali. Mwaka 1962 Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwa limekwisha kuundwa, likaanza kubomoa mabanda na kujenga nyumba za gharama nafuu.

Kisha, mwezi Aprili 1971, ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi yalitwaliwa na Serikali, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Majengo yaliyotwaliwa nchini yalikaribia elfu tatu. Jengo lililokuwa limezidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia, kwa hoja kwamba kodi zilikwisha kulirudishia gharama zake. Sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu. Lakini kwa kuwa majengo ya namna hiyo yalikuwa zaidi mikononi mwa watu wa asili ya Asia, wao ndio walioguswa zaidi. Miongoni mwao walikuwamo makabaila wa majumba kumi, na walikuwamo pia wazee waliokuwa na jengo moja tu, akiba ya maisha yao yote. Wengi waliihama nchi.

Ni wajibu wa watu wazima kuyatazama matendo ya Taifa lao bila woga na bila dharau. Sheria ya mwaka 1971 ilikata mrija wa kodi uliokuwa ukinyonya mshahara wa mfanyakazi. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mpangaji alibaki kuwa mpangaji. Jengo lilitoka mikononi mwa mwenye nyumba likaingia mikononi mwa dola. Halikuingia mikononi mwa mfagiaji, karani au mwalimu aliyelala ndani yake. Pengo la kodi lilipunguzwa, bali pengo la umilikaji halikuzibwa.

Mambo ya vijijini nayo yasisahauliwe. Mwezi Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba watu wote waishi vijijini kabla ya kwisha kwa mwaka 1976. Katika mkoa huu, kama katika mikoa mingine, familia nyingi zilihama katikati ya miaka ya 1970. Shule, zahanati na visima vilisogea karibu na watu, na hakuna mwalimu asiyejua faida yake. Lakini nyumba za tembe zilizojengwa kwa jasho la miaka, zenye maghala na mazizi yake, ziliachwa au zilibomolewa, na familia ikaanza tena kwa kibanda. Nyumba ni akiba. Kila inapobomoka, akiba ya ukoo hurudi sifuri.

Serikali ilijaribu pia kuuondoa ukame wa mikopo. Benki ya Nyumba ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1973, na mwaka 1974 ukaanzishwa Mfuko wa Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima, uliochangiwa na waajiri kwa asilimia 2 ya mishahara. Nia ilikuwa safi. Hata hivyo, mikopo mingi ilielekea mijini, marejesho yakawa hafifu, na mwaka 1995 benki hiyo ikafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi waliokuwamo. Aliyekuwa akikaa katika nyumba ya Serikali mjini alipata nafasi ya kuinunua. Mwalimu wa kijijini aliyekuwa akipanga chumba kwa mkulima hakuwa na cha kununua.

Hivyo pengo halikufa. Limebadili vazi. Zamani liligawa watu kwa rangi. Leo linawagawa zaidi kwa nafasi ya kazi, kwa ujuzi wa sheria na kwa ukaribu na benki. Mtoto wa Uswahilini aliyesoma akapata cheo anaweza kuwa na nyumba tatu, na mtoto mwenzake wa Uswahilini akawa mpangaji wake. Asiyekuwa na hati akipatwa na mgonjwa nyumbani huuza shamba au kiwanja kwa bei ya shida, na mnunuzi haulizwi rangi yake. Anayedhani adui ni Mhindi, Mwarabu au Msukuma aliyehamia amekosea shabaha. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hilo mwezi Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, katika makala yake ya kueleza kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi. Anayepiganwa ni mfumo unaowapa wachache hati na mikopo, na kuwaachia wengi udongo na mvua.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Huko Marekani, nchi tajiri kupita zote, Serikali ilianza katika miaka ya 1930 kudhamini mikopo ya nyumba. Lakini mitaa ya watu weusi ilitiwa rangi nyekundu katika ramani, kuwa ni mitaa ya hatari, na wakazi wake wakanyimwa mikopo. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika nyumba. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado kaya za Wazungu zinazomiliki nyumba ni takriban asilimia 74, na za watu weusi ni takriban asilimia 45 tu. Funzo lake ni zito: kufuta sheria ya ubaguzi hakurudishi akiba iliyozuiwa kwa vizazi. Akiba hurudi kwa kuwekwa upya, kwa mpango na kwa ushirikiano.

Watu weusi wa huko waliliona hilo. Mwaka 1969, katika jimbo la Georgia, wapigania haki wakiongozwa na Charles na Shirley Sherrod na wenzao waliunda jumuiya iliyoitwa New Communities. Walinunua shamba la zaidi ya ekari 5,000, liwe mali ya jumuiya yote, familia zipate kulima na kujenga bila kuogopa kufukuzwa. Ukame ukawapiga, mikopo ya dharura ikacheleweshwa kwa ubaguzi, na mwaka 1985 shamba likapotea kwa madeni. Lakini mfano wao haukufa. Mpango wa ardhi ya pamoja na nyumba ya familia ulienea katika miji mingi ya Marekani.

Mpango huo ulifika hata Afrika Mashariki. Katika mji wa Voi, nchini Kenya, kuna mtaa wa wanyonge unaoitwa Tanzania-Bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wake, waliokuwa wakikaa bila hati, walipewa nafasi ya kuchagua. Wangeweza kugawiwa viwanja kila mtu na chake. Wao walichagua ardhi ibaki ya jumuiya, na kila familia imiliki nyumba yake juu yake. Sababu yao ilikuwa nyepesi kueleweka: maskini akipewa kiwanja cha kuuzika, tajiri hukinunua kesho yake, na maskini huhamia bondeni pengine. Watu wale walifikiri kama kijiji kinavyofikiri, ingawa walikuwa mjini.

Singida inayo misingi ya kufanya vivyo hivyo, na misingi hiyo haihitaji kuagizwa kutoka nje. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji cheti cha ardhi yake, na mwanakijiji hati ya hakimiliki ya kimila. Inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kwa sheria hiyo, lile fundo la mwaka 1923, la haki iliyotambulika kwa maneno bila karatasi, limefunguliwa. Tangu mwaka 2004 Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge umekuwa ukiwasaidia wananchi kupata hati hizo. Kinachotakiwa ni hati zitoke katika vitabu vya sheria ziingie katika masanduku ya kaya.

Lakini hati peke yake ni kisu chenye makali mawili. Mkulima wa alizeti au vitunguu anayeweka hati rehani kwa mkopo wa msimu mmoja, katika mkoa ambao mvua hazitabiriki, anaweza kupoteza kwa karatasi shamba ambalo babu yake hakulipoteza hata kwa mkoloni. Ndiyo maana hati inahitaji mwenzake, yaani akiba ya pamoja. Vyama vya akiba na mikopo vya walimu na watumishi vimezoea kukopesha kwa ada za shule, misiba na sherehe. Vinaweza kutenga fungu la nyumba: mwanachama akopeshwe kwa hatua, msingi kwanza, kuta baadaye, bati mwisho, na kila hatua ikaguliwe kabla ya fungu la pili kutolewa. Aliyemaliza akilipa, mwenzake huanza.

Vifaa vipo. Singida ni nchi ya mawe. Msingi wa mawe hauhitaji kusafirishwa kutoka mbali. Matofali ya kuchoma hula miti, na mkoa huu hauna miti ya kupoteza. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, uliotokana na kitengo cha utafiti wa ujenzi kilichoanzishwa miaka ya 1970, umefundisha matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Kikundi cha kaya kumi kinaweza kutumia mashine moja kwa zamu. Nguvu kazi nayo ipo. Dari zito la tembe halikuwahi kupandishwa na mtu mmoja. Majirani walialikana, wakajenga, mwenye nyumba akawapikia. Desturi hiyo haikustahili kuachwa kwa sababu tu bati limechukua nafasi ya udongo.

Hapa ndipo wajibu wa watumishi na walimu unapoonekana. Kwanza, ofisa wa ardhi anayechelewesha faili la mkulima mpaka apewe chochote anafanya kazi ya sheria ya mwaka 1923, hata kama amevaa shati la kijani siku ya mkutano. Pili, mwalimu wa kijiji, ambaye mara nyingi ndiye anayeombwa kusoma barua na kuandika muhtasari, awasomee wanakijiji sheria ya ardhi yao kwa lugha wanayoielewa, nayo isomwe mbele ya wanawake pia, maana mjane asiyetajwa katika hati ndiye wa kwanza kufukuzwa. Tatu, vyama vya akiba vikaguliwe na wanachama wenyewe. Benki ya Nyumba haikufa kwa kukosa nia njema. Mikopo isiyorudi ni miongoni mwa yaliyoiua, na chama cha kijiji kinaweza kufa kwa ugonjwa huo huo. Nne, mtumishi asisubiri kustaafu ndipo aulize atalala wapi. Mshahara mdogo uliowekwa kwa miaka ishirini pamoja na wenzake hujenga nyumba. Kiinua mgongo kilichotumiwa kwa haraka na mzee aliye peke yake mara nyingi hujenga nusu ya nyumba.

Pengo lililotungwa kwa zaidi ya miaka arobaini ya utawala wa Kiingereza, na lililotanguliwa na Wajerumani, haliwezi kuzibwa kwa tamko moja, wala kwa kutwaa nyumba ya mtu mwingine, wala kwa kumchukia jirani mwenye duka. Litazibwa kaya kwa kaya. Siku ambayo katika Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na mitaa ya Singida mjini mtoto wa mkulima atarithi nyumba iliyosimama, hati yenye jina la baba na la mama, na uanachama katika chama chenye akiba, siku hiyo ndipo itakapowezekana kusema kwamba mipaka ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini imefutika katika maisha ya watu. Ramani ilikwisha kufutwa zamani. Kazi iliyobaki imo mikononi mwa wananchi, na karatasi zake zimo mezani mwa watumishi.